Kauli ya Bi. Mwanjaa

Tangu chai ya asubuhi Sikudhani alikuwa ameinamia kompyuta kama mtu anayechambua mchele wenye mawe, na mawe yenyewe hayaishi. Kila akirekodi na kubofya asikilize, kilichotoka hakikuwa mama yake. Mara ya kwanza ilitoka ngurumo ya friji. Mara ya pili akatoka mtangazaji wa mpira, safi kabisa, utadhani kaketi hapo mezani anakunywa chai. Safari hii ilitoka sauti ya Mama Mwanvua, jirani wa mlango wa pili, akisimulia habari za ndoa ya watu.

"Hee! Ndiyo mimi huyo?" Mama Mwanvua alidakia kutoka mkekani. "Mbona nina sauti nene kama beberu?"

"Wewe huyo, shoga. Na mama simsikii hata chembe."

"Basi litupe hilo dude, uazime jingine."

"Na kauli ya mama nitaipeleka Baraza kwenye kikapu?"

Watu wakacheka. Sebule ilikuwa imejaa kama ilivyokuwa ikijaa kila siku tangu Bi. Mwanjaa apatwe na kiharusi. Wapo waliokuja kumjulia hali, wapo waliokuja kuangalia mpira, na wapo waliokuja kwa sababu wenzao wamekuja. Sikudhani mwenyewe alizaliwa kwenye nyumba ya namna hiyo na aliipenda. Nyumba isiyo na wageni, alizoea kusema, ni ghala. Ila leo macho yalimwasha, kiuno kilimkata, na kila kicheko kilimwingia kichwani kama msumari.

Bi. Mwanjaa alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, mkono wa kulia umelala mapajani kama si wake, mdomo umevutwa upande. Macho ndiyo yaliyokuwa mazima kabisa, na yalikuwa yakimfuata kila anayesema.

Kauli ndiyo iliyokuwa ikimtoa Sikudhani jasho. Sheria ya Baraza la Makazi ilisema mzee asiyejiweza aseme mwenyewe, kwa sauti yake, wapi anataka kuishi: nyumbani au Makao, kwenye nyumba za kutunzia wazee. Asisemewe na mtoto, wala na mume, wala na mjumbe wa mtaa. Sheria hiyo ilizaliwa na vilio vya zamani, watu walipokuwa wakiwafungia wazee chumbani ili wabaki na nyumba, na wengine wakiwatupa Makao kama kandambili zilizokatika. Siku hizi mzee anasema mbele ya kompyuta ya nyumbani kwake, Baraza linapima kama koo ni lake, basi, yamekwisha. Asiposema mpaka ofisi zinafungwa siku ya mwisho, Baraza linamwamulia.

Siku ya mwisho ya Bi. Mwanjaa ilikuwa leo.

Sikudhani akafungua mipangilio ya sauti kwa mara nyingine. Nyumba za Morogoro siku hizi zina masikio kushinda sungura: maiki ya televisheni, maiki ya jikoni, maiki ya mlangoni, na ile ndogo ya mama, ya kubana kwenye khanga, inayokwenda kwa waya mpaka kwenye tundu la ukutani nyuma ya kiti. Na kompyuta, bila kumuuliza mtu, ilikuwa imechagua ya televisheni.

"Ndiyo maana!" alisema. "Inasikiliza upande wa mpira."

"Hata yenyewe inajua wapi kuna raha," alisema mtu kutoka kwenye kochi.

Akachagua maiki ya khanga. Kwenye kioo, mstari wa kijani unaoonyesha sauti ukatikisika kidogo, dhaifu, kama mshumaa kwenye upepo. Akapandisha kiwango. Akapandisha tena. Ghafla spika zikapiga yowe refu lililowafanya watu wazibe masikio. Spika ilikuwa ikiisikia maiki, maiki ikiisikia spika, zinapigiana kelele kama wakewenza.

"Unatuua, Siku!"

Akazima spika, akavaa hedifoni, akakisogeza kiti cha mama mbali kidogo. Kisha akamwinamia.

"Mama, tujaribu tena. Sema tu unataka kukaa wapi. Haya, mama yangu."

Bi. Mwanjaa akafungua mdomo. "N..." alianza.

"Nyumbani!" Mama Mwanvua akamsaidia. "Sema nyumbani, bibi. Uende wapi mtu wa watu kama wewe?"

Sikudhani akampungia mkono anyamaze, lakini taa ya kijani ilikuwa imeshawaka. Kompyuta imepata inachokitaka. Akawasha spika wote wasikie.

Ikatoka sauti ya Bi. Mwanjaa. Si hii ya leo, ya mdomo mzito. Ile ya zamani, ya mama muuza vitumbua aliyekuwa akiita wateja kutoka kona ya mtaa: "Mimi nabaki nyumbani kwangu. Nina watoto, nina majirani, niende wapi mie, mtu wa watu?"

Vigelegele vilipasuka. Mama Mwanvua alisimama akakata kiuno. Mtu akasema, haya, leteni soda. Kwenye kioo kuliandikwa: Sauti imethibitishwa. Tuma?

Sikudhani alitaka kutuma. Mungu anajua alivyotaka. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Lakini alimtazama mama yake, akamwona anagonga mkono wa kiti kwa kiganja cha kushoto. Anagonga, anatulia, anagonga. Sikudhani akazunguka nyuma ya kiti kutazama kama kuna kinachombana.

Waya wa maiki ulikuwa unaning'inia. Ulichomoka kiti kiliposogezwa.

Alisimama pale ameushika, watu wanashangilia. Maiki ya mama ilikuwa imekufa. Kompyuta ilipoikosa, ilirukia ya televisheni kama ilivyozoea, ikaisikia sebule, na kwa sebule hiyo ikamtengeneza Bi. Mwanjaa. Mama yake hakusema hata neno moja kati ya yale.

*

Alitoka uani kumpigia kaka yake Kibwana, aliyekuwa akiishi Mwanza na kujua kila kitu kuhusu nyumba asiyolala ndani yake.

"Tuma," alisema Kibwana. "Imeandika imethibitishwa, unangoja nini?"

"Waya ulikuwa umechomoka, Kibwana. Si mama aliyesema."

"Sauti ni ya nani?"

"Ya mama. Maneno si yake. Yale ni ya Mama Mwanvua, neno kwa neno."

"Dada, hiyo ni kazi ya Kamilisha. Si ndiyo tuliwekewa kwa ajili hiyo?"

Ni kweli. Bi. Mwanjaa aliporudi kutoka Makao ya mlimani, alikopelekwa kufanyishwa mazoezi baada ya kiharusi, waliwekewa Kamilisha. Mgonjwa akitoa kipande cha neno, kompyuta inakimalizia kwa sauti yake ya zamani, kwa kukisia angesema nini. Na ili ikisie vizuri, iliachwa isikilize nyumba. Mwanzoni watu walilia kwa furaha. Bi. Mwanjaa akawa anashukuru, anatania, anauliza habari za wajukuu. Mtaa mzima ukawa unakuja kumsikiliza.

Sasa Sikudhani alielewa nyumba ilikuwa imeifundisha nini. Kwao, mgonjwa haachwi ahangaike. Akisema "ma", mtu anadakia: maji, anataka maji! Akisema "cho", wawili wanamwinua. Huo ndio upendo, ndiyo adabu. Mtu anayemtazama mgonjwa akitapatapa na neno bila kumsaidia ataambiwa ana roho ya jiwe. Kompyuta nayo ikaketi pembeni, mwanafunzi mzuri, ikaokota kila walichodakia ikamrudishia Bi. Mwanjaa kinywani. Ni lini mara ya mwisho mama alimaliza sentensi? Sikudhani alijaribu kukumbuka, akakosa.

"Nitaizima nimrekodi upya," alisema.

"Ukiizima, Baraza wataona sauti haitoshi. Watataka shahidi anayelala nyumba moja naye ale kiapo kwamba ndicho alichosema. Ni nani huyo?"

"Ni mimi."

"Ni wewe. Na akisema anakwenda Makao je? Wewe ndiye unayemwogesha, unayemlisha, unayemgeuza. Wewe ndiye uliyesinzia umesimama, mwiko mkononi, ugali ukaungua, ukanisimulia mwenyewe. Nani atakuamini, dada? Watasema Sikudhani kachoka, kamtupa mama yake. Huo mtaa wenu unaujua."

Aliujua. Yeye mwenyewe aliwahi kuketi kwenye mkeka ule ule na kumsema binti wa watu aliyempeleka baba yake Makao. Alimsema vizuri, kwa mifano.

"Na tuseme ukweli," Kibwana aliendelea, sauti imeshuka. "Wewe hutaki aende?"

Hilo ndilo lililokuwa likimtafuna Sikudhani kuliko umbea wa mtaa mzima. Alitaka kulala. Alitaka usiku mmoja tu asiitwe. Akiizima Kamilisha, akamsikia mama anasema niende, atajuaje kama ni mama aliyesema au ni uchovu wake unaomalizia maneno? Hata kichwa chake kilikuwa na Kamilisha yake.

"Mama gani anataka kwenda Makao?" alisema Kibwana. "Tuma ile nzuri, dada. Kila mtu abaki na amani."

"Kila mtu," alisema Sikudhani, akakata simu.

*

Kumfukuza mgeni kunahitaji moyo wa simba, na Sikudhani siku hiyo alikuwa na moyo wa kuku aliyenyeshewa. Hata hivyo alisimama mlangoni mwa sebule, akaizima televisheni mchezaji akiwa amekaribia goli.

"Jamani, naomba mnipishe. Nataka nibaki na mama."

Walidhani ni utani. Walipomwona hacheki, wakaanza kutafuta viatu. Mama Mwanvua peke yake hakusogea.

"Tunafukuzwa?"

"Mnaombwa, Mama Mwanvua."

"Mimi nilikuwa namkanda miguu mama yako ulipokuwa na homa. Leo kuna siri gani nisiyoijua kwenye nyumba hii?"

"Hakuna siri. Kuna kelele."

Mama Mwanvua alimtazama kama kapigwa kofi. Akajifunga khanga vizuri, taratibu, ili kila mtu aone anavyojifunga. "Haya. Nitakaa kibarazani. Kibaraza si chako, ni cha nyumba." Akatoka na mgongo wake umenyooka.

Sikudhani akafunga mlango na dirisha. Akachomoa friji, ikakohoa ikanyamaza. Akauchomeka waya wa maiki, akaubana kwa utepe usichomoke tena. Akahakikisha kompyuta imechagua maiki ya khanga, akazifunga zile nyingine zote, isipate pa kurukia. Halafu akaanza kuzima. Akazima Kamilisha, kompyuta ikamuuliza kama ana uhakika, akabofya ndiyo, ikamuuliza tena. Akazima Safisha, inayofuta makohozi na mikwaruzo ya koo.

Akarekodi. "Mama, unataka kuishi wapi?" Akamwona mama anapambana na mdomo muda mrefu. Aliposikiliza alichorekodi, alipata vipande visivyo na kichwa wala miguu, vimekatwakatwa kama kitambaa cha fundi mlevi.

Karibu alie. Akaipitia mipangilio yote tena, mstari kwa mstari, mpaka chini kabisa alikokuwa hajawahi kufika, akakuta kitu kinaitwa Kizingiti. Akasoma maelezo, akasoma tena. Kumbe maiki ina mlinzi getini. Sauti kubwa ikija, mlinzi anafungua. Pakiwa kimya, anafunga, akidhani aliyekuwa akisema amemaliza. Mtu mwenye afya hasikii tofauti, maneno yake yanafuatana. Lakini Bi. Mwanjaa alikuwa anapumzika katikati ya neno, na kila akipumzika geti linafungwa, na linapofunguliwa tena nusu ya silabi imeshabaki nje.

Akakishusha kizingiti mpaka sifuri. Geti wazi.

Masikioni mwake nyumba ikaingia yote: mjusi darini, pumzi za mama, khanga ikisuguana na maiki. Hata kijiti cha meno cha mtu aliyekuwa kibarazani, aliapa alikisikia.

"Mama," alisema. "Nimewatoa wote. Mashine nayo haikusemei. Sema pole pole, mimi nipo."

Bi. Mwanjaa akamtazama. Akafungua mdomo.

"Na..."

Kimya. Sikudhani akasubiri.

"...ta..."

Ulimi ukamwasha. Maneno yalimjaa mdomoni, yote, ya kubaki na ya kwenda, akahisi asipoyatoa atapasuka. Akachukua pindo la khanga akaliuma.

"...ka."

Mama akafumba macho, akapumzika. Sikudhani akaendelea kuiuma khanga. Hakuwahi kujua kuwa kusubiri ni kazi nzito hivyo, nzito kuliko kumwinua mama kitandani. Neno lililofuata lilichukua muda mrefu, na lililofuata mrefu zaidi, ila yalipokwisha kutoka hayakuhitaji mkalimani. Yalikuwa maneno mazima, kila moja limesimama peke yake.

"Nataka... kwenda... kule... mlimani."

Sikudhani alihisi kitu kinalegea kifuani, raha, raha tupu, na papo hapo aibu ikaifuata nyuma ikaishika shingo. Sheria ilimruhusu kuuliza sababu. Akauliza, ili amkamate mama akikosea, au ajikamate mwenyewe.

"Kwa nini, mama? Hapa tumekukosea nini?"

Jua lilikuwa limehama kutoka ukutani hadi sakafuni Bi. Mwanjaa alipomaliza jibu.

"Ham...ja...ni...kosea. Kule... kuna... nesi. Ana...uliza. Halafu... ana...ni...subiri."

Akanyanyua kiganja cha kushoto akaelekeza mlangoni, kisha kwa kompyuta, kisha, bila ukali wowote, kwa Sikudhani.

"Hapa... mna...ni...penda... mno."

Pembe ya mdomo iliyokuwa bado nzima ikapanda juu. Sikudhani hakuwa ameiona ikipanda hivyo tangu ugonjwa uingie, maana utani wote uliotoka kwa jina lake humu ndani ulikuwa wa kompyuta.

*

Kwenye kioo ikatokea taa nyekundu, kama Kibwana alivyosema. Sauti haitoshi. Kauli inahitaji shahidi. Kando yake, ile nyingine bado ilikuwa inangoja na alama yake ya kijani, nzuri, laini, bonyeza tu. Ofisi za Baraza zilikuwa karibu kufungwa.

Alimtazama mama. Mama alikuwa amefumba macho, kama mpagazi aliyetua mzigo.

Sikudhani akaifuta ya kijani. Akafungua kiapo.

"Je, shahidi anaishi na mzee?" kompyuta iliuliza, kwa ile sauti yao isiyo ya mwanamume wala ya mwanamke.

"Ndiyo."

"Je, shahidi amesikia kauli yote kwa masikio yake, bila kumalizia neno lolote?"

"Ndiyo. Nilitamani kumalizia. Sikumalizia."

"Jibu ndiyo au hapana."

"Ndiyo."

"Je, shahidi atapata nafuu au faida yoyote kauli hii ikifuatwa?"

Hapo alisita. Hapana ingempitisha moja kwa moja, kila mtu aliyepita hapo alisema hapana. Alijua vilevile ndiyo italeta nini. Watakuja kuuliza, mtaa utaona gari la Baraza mlangoni, na wa mkekani watapata habari ya kusimulia mwezi mzima.

"Ndiyo," alisema. "Nimechoka sana. Akienda nitalala. Lakini ndivyo alivyosema."

Kompyuta ikajishauri na wakubwa zake huko iliko.

"Kauli imepokelewa kabla ya muda. Kwa sababu shahidi ana faida, afisa atafika kumsikiliza mzee ana kwa ana. Mzee asihamishwe wala asisemewe mpaka hapo."

"Afisa huyo aje na muda wa kutosha," alisema Sikudhani.

Akaenda kufungua mlango. Mama Mwanvua alikuwa kibarazani peke yake, wengine wamekwenda zao kumalizia mpira kwingine. Akainuka haraka, hasira imeshashindwa na hamu ya kujua.

"Kasema nini?"

Jibu lilimfika Sikudhani kwenye ncha ya ulimi. Angeweza kulisema na kulieleza na kujitetea, mpaka magharibi, na alikuwa hodari wa hayo. Akasogea pembeni ya mlango.

"Ingia umuulize mwenyewe. Ila ukishauliza, nyamaza."

"Ninyamaze mpaka lini?"

"Mpaka amalize."

Mama Mwanvua akaingia, akavuta kigoda akakaa mbele ya mgonjwa, magoti kwa magoti. "Bi. Mwanjaa," alisema, na sauti ilikuwa ndogo kuliko kawaida yake. "Eti umesemaje, mama yangu?"

Bi. Mwanjaa akafumbua macho. Mdomo ukaanza safari yake. Mama Mwanvua akainama mbele, midomo imeshajikunja tayari kusaidia, kisha akajiziba kwa kiganja chake mwenyewe, macho yamemtoka.

Sikudhani aliketi chini, mgongo kwenye fremu ya mlango, asikie yatakavyoishia. Neno la pili lilipotoka, alikuwa ameshalala.